Bustani Isiyo na Ziwa: Kutoka Mbweni hadi Ukingo wa Newala

Mbweni ni mwendo mfupi kusini ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, upande wa kwenda uwanja wa ndege, mahali ambapo ardhi inashuka taratibu kuelekea baharini. Hapo ndipo John Kirk, Mskochi aliyezaliwa mwaka 1832, alipopanda bustani yake katika miaka ya 1870. Kirk alikuwa daktari, tena mwakilishi wa serikali ya Uingereza mbele ya Sultani, lakini moyo wake ulikuwa kwenye mimea. Kuanzia mwaka 1858 alisafiri na David Livingstone katika mto Zambezi akikusanya majani na mbegu, na alipohamia Unguja mwaka 1866 hakuiacha kazi hiyo. Alipokea miche na mbegu kutoka bustani ya kifalme ya Kew, karibu na London, naye akapeleka Kew mimea ya huku kwetu. Ua moja alilolipeleka, la mmea laini unaopenda kivuli na unyevu, lilipewa mwaka 1882 jina la kitaalamu la Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Siku hizi ua hilo limejaa kwenye vyungu vya barazani na vitalu vya miji ya Ulaya, Marekani na Asia.

Vitabu vinaitaja Mbweni kwa jina la Kirk, na si vibaya, maana bustani ilikuwa yake. Lakini jirani kabisa na miti ile waliishi watu wengine, na historia yao ilitoka pale ikavuka bahari, ikapanda bara hadi Masasi, ikakwea mpaka Newala. Hiyo ndiyo ninayoisimulia hapa, kwa sababu naamini njia ile nzima ni bustani moja ya kale, na wanaopita Masasi kwa basi bila kuteremka hawajui wanachokikosa.

Bustani za kale za Japani zinatusaidia kuiona. Katika zama za Edo, kuanzia karne ya 17, mabwana wa majimbo ya Japani waliagiza bustani kubwa zitengenezwe kuzunguka maziwa ya kuchimbwa. Koishikawa Korakuen ya Tokyo ilianza mwaka 1629. Rikugien, katika mji huohuo, ilikamilika mwaka 1702. Kenroku-en ya ukoo wa Maeda, mjini Kanazawa, ilikuzwa na mabwana waliorithiana kizazi baada ya kizazi. Bustani hizi zilikusudiwa mtu atembee, maana ukisimama mahali pamoja huwezi kuziona. Njia inapinda nyuma ya kilima kilichorundikwa kwa mikono, ziwa linapotea, kisha linatokea tena likiwa na kisiwa ambacho hukukiona mwanzo. Hatua chache mbele, mlima ulio mbali, nje kabisa ya ukuta, unaingia machoni na kuwa sehemu ya bustani. Majira ya baridi yakikaribia, watunzaji wa Kenroku-en husimamisha nguzo ndefu kando ya misonobari mizee, wakafunga kamba kutoka kileleni mwa nguzo hadi kwenye tawi moja moja, ili theluji ikianguka isiyavunje. Kazi hiyo hufanywa kila mwaka, mti kwa mti.

Na kila bustani kati ya hizo hutajwa pamoja na mabwana walioiagiza. Waliochimba maziwa na kubeba mawe hawatajwi. Kenroku-en ilifunguliwa kwa wananchi wote mwaka 1874, baada ya utawala wa mabwana kuvunjwa, na tangu hapo wajukuu wa wale wabeba mawe wameweza kutembea walipotoka jasho babu zao.

Mwaka huohuo wa 1874 Edward Steere aliwekwa wakfu kuwa askofu wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, iliyokuwa na makao yake Zanzibar. Misheni ilikwisha kununua shamba la Mbweni mwaka 1871, wakati wa mtangulizi wake, Askofu Tozer. Aprili 1872 kimbunga kikali kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash bin Said alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga masoko yao. Kirk ndiye aliyembana mpaka akakubali, huku nyuma yake kukiwa na tishio la manowari za Uingereza kuizingira Zanzibar. Soko la watumwa la Mkunazini likafungwa, na juu ya kiwanja chake Steere akaanza kujenga kanisa kuu.

Watumwa waliokutwa na manowari katika majahazi ya magendo ilibidi wapelekwe mahali. Wengi walipelekwa Mbweni. Walipewa viwanja, wakajenga vibanda, wakalima mihogo na mtama. Wasichana waliingia shule ya Mtakatifu Maria, iliyoongozwa kwa miaka mingi na Caroline Thackeray. Wavulana walisoma Kiungani. Baadaye Kirk alipoondoka Zanzibar, alimuuzia Thackeray nyumba yake. Hivyo ikawa bustani ya balozi na shamba la walioachiwa huru vimepakana, na watu wawili wakitembea kwenye ardhi ileile waliweza kuona vitu viwili: mmoja mimea ya kuandikiwa barua Kew, mwingine udongo wa kwanza ambao mazao yake hayangechukuliwa na bwana.

Steere ni mtu ambaye kila msomaji wa Kiswahili ana deni kwake. Alikusanya hadithi za Waswahili na kuzichapisha mwaka 1870, akatunga kitabu cha kufundishia lugha, akatafsiri Maandiko. Lakini hakuona Mbweni kuwa mwisho wa safari ya watu wale. Wengi wao walikuwa wametekwa utotoni katika nchi za Ruvuma na Ziwa Nyasa, na Mbweni ilikuwa ikifurika. Mwaka 1875 yeye mwenyewe alikwenda kwa miguu kutoka Lindi hadi Mwembe, kwa Mataka, mtawala mkubwa wa Wayao. Aliporudi aliamua kupeleka kundi la watu walioachiwa huru wakajenge kijiji chao huko bara.

Oktoba 1876 msafara uliondoka. Walikuwa wanaume na wanawake zaidi ya hamsini, pamoja na wapagazi, Steere mwenyewe, na kijana aliyetoka Uingereza mwaka huohuo, William Percival Johnson. Walivuka bahari hadi Lindi, wakashika njia ya bara. Nafikiri mara nyingi juu ya safari hii. Njia za Lindi na Kilwa ndizo walizopitishwa watu kwa miaka mingi wakiwa wamefungwa, wakishuka kutoka Nyasa kwenda sokoni. Sasa watu waliokuwa wameshushwa kwa minyororo walikuwa wakipanda wakiwa wamebeba majembe, mbegu na vyungu vyao wenyewe. Kwa mwendo wa siku nyingi nchi ni ya msitu mkavu wa miombo, tambarare, mti baada ya mti. Kisha milima ya Masasi inajitokeza.

Nani aliyewahi kuiona milima ile akaisahau? Ni vilima vya mwamba vinavyoinuka kutoka tambarare kila kimoja peke yake, vyeusi vikinyeshewa, vya kijivu na waridi jua linapozama. Mtandi, Mkwera na wenzake. Mwenye kutembea anakiona kimoja, njia inageuka, kinajificha nyuma ya miti, na kingine kinachukua nafasi yake. Mabwana wa Japani walitumia vibarua wengi kurundika udongo ili kupata mpangilio wa namna hiyo.

Chini ya miamba kulikuwa na maji. Mvua ikinyesha juu ya jiwe tupu haina pa kwenda ila chini, na pale miguuni mwa vilima udongo unashika unyevu kuliko nchi ya jirani. Steere alikusudia kufika mbali zaidi, kuelekea Nyasa. Lakini mbele kulikuwa na habari za njaa, na watu wake walipoiona Masasi waliipenda, wengine wakisema ni nchi inayofanana na kwao. Wakabaki. Askofu akarudi Zanzibar, Johnson akaachwa na wanakijiji, na mwaka 1877 akafika Chauncy Maples. Kwa miaka mitano walikata miti, wakagawana mashamba, wakajenga kanisa, wakapanda. Maples aliandika habari za Masasi na nchi ya Ruvuma, zikachapishwa na chama cha kijiografia cha London mwaka 1880.

Septemba 1882, wiki chache tu baada ya Steere kufariki Zanzibar, Wangoni kutoka upande wa Songea, ambao watu wa huku waliwaita Magwangwara, waliishukia Masasi. Walichoma nyumba, wakaua, wakachukua mateka. Fikiri mtu aliyetekwa utotoni, akauzwa, akaokolewa baharini, akalima Mbweni, akatembea hadi Masasi, akapanda miti yake, kisha akatekwa mara ya pili akiwa na watoto. Kuna waliopatwa na hayo. Maples alijaribu kuwakomboa, na William Porter alisafiri hadi kwa Wangoni kuwatafuta. Hakuna bustani ya Edo niliyoisoma habari zake ambayo wapandaji wake walilipa gharama ya namna hiyo.

Waliosalia walihitaji mahali pa kukimbilia, na mahali hapo palikuwa juu. Ukiwa Masasi ukatazama mashariki, uwanda wa Makonde unaonekana ukiwa umejinyoosha kwenye upeo wa macho, bapa kabisa, na ukingo wake ukianguka ghafla. Huko Newala alitawala Matola, mkuu wa Wayao, mtu mwenye busara aliyewakaribisha wamisheni na wanakijiji na kuwapa kinga yake. Misheni ikahamia kwake, na Masasi ikaja kukaliwa tena baadaye. Matola nadhani hajapewa heshima anayostahili katika historia tunayofundisha shuleni; tunajua majina ya magavana waliokaa Dar es Salaam miaka miwili mitatu, lakini mtu aliyewafungulia wakimbizi mlango tunampita.

Katika nchi hiyohiyo ya uwanda, huko Chitangali, alifanya kazi Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao aliyeuzwa Zanzibar akiwa mtoto, akaachiwa huru, akasoma Kiungani na kisha Canterbury, Uingereza. Mwaka 1890 akawa padri wa kwanza Mwafrika katika UMCA. Wake wa walimu na mapadri wa kizazi chake walitoka Mbweni, shule ya Mtakatifu Maria. Huko walijifunza kusoma na kuandika kwa Kiswahili, na walipofika bara waliandika barua kwa walimu wao wakieleza habari za mashamba, watoto na mvua. Hivyo ndivyo Mbweni ilivyoendelea kuishi Umakondeni, kwenye vichwa na mikono ya wanawake ambao wengi wao hatuna hata picha zao.

Vita vya Maji Maji vilipofika kusini mwaka 1905, Masasi ilichomwa tena. Misheni za Wabenediktini za Lukuledi na Nyangao nazo zikateketezwa. Mwaka 1906 wakaanza upya Ndanda, chini ya ukingo wa uwanda, kwenye maji ya chemchemi yanayoteremka kutoka juu. Mwaka huohuo alipita hapa Karl Weule, mtaalamu kutoka jumba la makumbusho la Leipzig. Alitoka Lindi, akakaa Masasi, akaenda Chingulungulu kwa Matola mwingine, mrithi wa yule wa kwanza, kisha akapanda Newala. Alibeba mashine ya kurekodi sauti kwenye mitungi ya nta, na kamera ya picha zinazotembea. Aliwapa watu penseli na karatasi wachore, na michoro yao akaitia katika kitabu alichokichapa mwaka 1908. Ni mtu wa zama zake, na mara nyingi anawazungumzia watu wetu kwa namna inayochoma. Hata hivyo alikuwa na macho, na kuna mambo ya Newala aliyoyashuhudia kwa usahihi: ubaridi na upepo wa jioni, na shida ya maji.

Juu ya uwanda hakuna mto. Udongo ni wa kichanga, mwekundu, wenye kina kirefu. Mvua inanyesha vizuri tu kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, lakini inazama yote chini, inapita ndani ya ardhi, inakuja kutokea kwenye chemchemi za mabondeni. Wamakonde walilijua hilo na bado wakachagua kukaa juu, ndani ya vichaka vilivyosongamana kiasi kwamba mgeni hakuweza kupita bila panga. Sababu ilikuwa usalama. Msafara wa kutafuta watumwa ulifuata maji, na Wangoni nao walifuata maji. Aliyekaa mbali na maji alikuwa na nafasi ya kulala usiku.

Gharama yake ililipwa na wanawake. Ukimwamkia shikamoo bibi wa Newala aliyekula chumvi nyingi, ukamuuliza habari za maji ya zamani, atakueleza kwa mikono kabla ya maneno: ngata kichwani, mtungi juu yake, mwili kurudi nyuma kidogo wakati wa kuteremka na kuinama mbele wakati wa kupanda. Walitoka alfajiri, wakashuka ukingo kwa njia nyembamba yenye mizizi na mawe, wakasubiri maji yajae kwenye kisima kidogo, wakakinga kwa kata polepole ili tope lisitibuke, kisha wakapanda. Wakati wa kiangazi safari hiyo ingeweza kula nusu ya siku. Maji ya kunawa uso wa mtoto yalitumika tena kwa kazi nyingine. Katika mazingira hayo, nani angechimba ziwa la kupendezesha macho?

Hata vita vya wakubwa viliamuliwa na maji hayo. Mwezi Machi 1916 Ureno iliingia vitani dhidi ya Ujerumani; Septemba majeshi yake yakavuka Ruvuma kutoka Msumbiji, na mwishoni mwa Oktoba yakaliteka boma la Newala. Walikuwa juu, wenye mizinga, wakitawala mandhari yote. Wajerumani na askari wao walichofanya ni kukamata chemchemi ya bondeni na kulizingira boma. Wareno walistahimili siku chache za kiu, kisha mwishoni mwa Novemba wakatoroka usiku kuelekea Ruvuma. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 1917, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, naye alikuwa akipita nchi hii akikimbizwa na Waingereza, na tarehe 25 alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Vijiji vya Masasi na Newala viliachiwa njaa na vifo vya wapagazi.

Mabomba yalichelewa. Katika miaka ya 1950 lilianzishwa shirika la maji la Makonde, likaanza kusukuma maji ya bondeni kwa mashine hadi juu ya uwanda. Kuanzia miaka ya 1970 serikali ya Finland ilisaidia kwa muda mrefu miradi ya maji ya Mtwara na Lindi. Mpaka leo maji mengi ya Newala hutoka kwenye visima vya bonde la Kitangari, huko Mitema, na umeme ukikatika au pampu ikiharibika, ndoo hupanga foleni na bei ya dumu hupanda siku hiyohiyo. Masasi na Nachingwea hupata maji kutoka Mbwinji.

Bustani ya Newala basi ilibidi iwe ya mti usiodai kumwagiliwa, na mti huo ulikuja kwa mzunguko mrefu. Mkorosho asili yake ni Brazil. Wareno waliuleta Msumbiji katika karne ya 16, ukaenea pwani, na baada ya Vita Kuu ya Pili wakulima wa uwanda waliupanda kwa wingi kwenye mashamba yao, kati ya mihogo na mbaazi. Mizizi yake inashuka chini sana kufuata maji yaleyale yanayoikimbia ardhi ya juu. Hakuna balozi aliyewaletea miche. Mkulima alipanda punje tatu shimoni, akapalilia mihogo yake, na mihogo ilipochoka mkorosho ulikuwa umesimama. Vichaka vile vilivyowaficha Wamakonde vikawa polepole kivuli cha mikorosho, kilomita kwa kilomita, kutoka Newala hadi Tandahimba na kushuka hadi Masasi.

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho, na sehemu kubwa ilitoka huku. Halafu ikaja Operesheni Vijiji, na watu walihamishwa wakaenda kukaa mbali na miti yao. Mkorosho usiopaliliwa unamezwa na msitu na moto. Bei ya mkulima ikawa ndogo. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970 ukaingia ubwiriunga, ukungu mweupe unaoyashambulia maua na majani machanga mpaka yanakauka kabla ya kufunga tunda. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno ya nchi nzima yalikuwa chini ya tani 20,000. Nimewasikia wazee wakiieleza miaka ile kwa sauti ya msiba, na ninawaelewa. Miti waliyoipanda wakiwa vijana, wakategemea kuzeekea chini yake, ilikuwa imesimama mitupu.

Waliouokoa mkorosho ni watafiti wa Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, pamoja na wakulima waliokubali kujaribu. Ilionekana kwamba unga wa salfa, ukipulizwa kwenye maua kwa wakati wake, unauzuia ukungu; kwamba miti iliyosongamana lazima ipunguzwe ili upepo na jua vipite; na kwamba ipo miti inayostahimili ugonjwa kuliko mingine, ambayo vikonyo vyake vinaweza kubebeshwa kwenye miche. Nenda Newala mwezi Julai utayaona yote hayo kwa wakati mmoja. Alfajiri kabla upepo haujaamka, kijana anatembea na mashine mgongoni, na wingu la manjano linapanda ndani ya matawi. Maua ya mkorosho ni madogo, meupe yenye mistari ya waridi, na harufu yake tamu hukaa njiani mpaka jua liwe kali. Septemba yanaanza mabibo, mekundu na ya njano, kila moja limening'iniza korosho yake chini. Oktoba na Novemba watu wanainama chini ya miti tangu asubuhi wakiokota, wakinyonga korosho kutoka kwenye bibo kwa mkono mmoja. Mabibo yanakamuliwa yakawa uraka. Korosho zinaanikwa, zinatiwa magunia, zinapelekwa chama cha msingi, kisha ghala kuu na mnada. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 313,000.

Wenzetu wa Dar es Salaam wana bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, chini ya Franz Stuhlmann, na Amani kule Usambara ina yake ya mwaka 1902. Nazipenda zote mbili na ninasikitika zinapopuuzwa. Zina vibao, zina tarehe, zina jina la mwanzilishi. Njia ya Masasi hadi Newala haina hata kibao kimoja kinachomweleza mgeni kwamba waliopita hapa mwaka 1876 walitoka Mbweni. Ingekuwa vyema halmashauri za Masasi na Newala, Dayosisi ya Masasi na watu wa mambo ya kale wakae pamoja wakaliweke jambo hili sawa, wakianza na majina ya wale walowezi, yale yatakayopatikana.

Anayetaka kuitembea njia hiyo asisubiri vibao. Aanze Mtandi, kwenye eneo la misheni na kanisa kuu, asubuhi, wakati mwamba bado una kivuli. Azunguke chini ya kilima taratibu, aangalie jinsi majani yanavyokuwa mabichi zaidi pale maji ya jiwe yanapokusanyikia, na miembe mikubwa iliyosimama kati ya nyumba. Apite Mkwera. Kisha achukue barabara ya Newala, na gari linapoanza kupanda ukingo aombe ateremke akwee sehemu kwa miguu, kwa sababu hapo ndipo vilima vya Masasi vinarudi machoni vyote kwa pamoja, nyuma yake, vidogo sasa, vimepangwa kwenye tambarare. Juu, mikorosho inafunga mandhari. Kwa kitambo haoni chochote ila vigogo vilivyopinda, kivuli na mchanga mwekundu, na watoto wa shule njiani. Akifika Newala aulize Shimo la Mungu. Ardhi inakatika pale. Chini kabisa kuna bonde, mbele kuna Ruvuma, na ng'ambo yake ni Msumbiji, mwamba mmoja mmoja ukiinuka katika buluu ya mbali. Njia za kina mama za kwenda majini zilishuka kwenye kingo za namna hii.

Wakulima wa uwanda sasa wanang'oa mikorosho iliyozeeka na kupanda miche ya kubebesha ya Naliendele. Wanachimba mashimo wakati wa kiangazi, wanachanganya udongo na samadi, wanasubiri mvua za Desemba. Nafasi inayoshauriwa ni mita 12 kutoka mti hadi mti kila upande, na katikati wanaendelea kupanda mihogo, mbaazi na karanga hadi matawi yatakapokutana. Mche uliotunzwa vizuri huanza kuzaa mwaka wa tatu.